Salfa Inahitaji Kaboni, Lakini Kwa Kiasi

Salfa ni ya bei nafuu na ipo tele. Viwanda vya kusafisha mafuta ya petroli huizalisha kama mabaki. Kinadharia, gramu moja ya salfa kwenye betri ya lithiamu huhifadhi chaji ya miliampia-saa 1,675. Oksaidi ya lithiamu na kobalti, iliyotumika miaka mingi kwenye betri za simu, ina takriban 274 tu. Mbona basi betri za salfa hazijaenea?

Salfa ni kaidi. Haipitishi umeme, na ikipokea lithiamu huvimba kwa asilimia 80 hivi, kisha hunywea betri inapochajiwa, hadi elektrodi, yaani sehemu ya betri inayobeba salfa, ipasuke. Hayo yanavumilika. Kinachotuumiza kichwa hasa ni polisalfaidi: minyororo ya atomu za salfa inayozaliwa katikati ya mmenyuko na kuyeyuka ndani ya elektrolaiti, kimiminika kinachopitisha ioni za lithiamu kati ya pande mbili za betri. Ikishayeyuka huhamia upande wa pili na kuila lithiamu, nyingine hurudi, safari zikaendelea hivyo huku betri ikichoka kabla ya wakati wake.

Mwaka 2009 kundi la Linda Nazar wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, liliyeyusha salfa ikafyonzwa na kaboni yenye vinjia vya upana wa nanomita 3 hadi 4. (Nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni.) Kuta za kaboni ziliifikishia salfa elektroni, na wembamba wa vinjia ukaizuia isitoroke ovyo. Wengine wametumia mirija nano ya kaboni, ambayo hufanya kazi ya waya, au grafini, utando wa unene wa atomu moja unaoifunika salfa na kunyumbuka nayo inapovimba.

Hata hivyo kaboni tupu hainati vizuri na polisalfaidi. Ndiyo maana hupachikwa atomu za nitrojeni, zinazozivuta na kuzishika.

Tatizo ni kwamba kaboni hiyo yenyewe haihifadhi chaji ya maana. Ni uzito tu. Kwa hiyo ukisikia elektrodi fulani imevunja rekodi, uliza ilibeba miligramu ngapi za salfa kwa kila sentimita ya mraba, na ilihitaji elektrolaiti kiasi gani. Elektrodi nyembamba iliyosheheni kaboni hung'ara maabara, lakini pima betri nzima kwenye mizani, uone faida iliyobaki.