Ramani za kale na hazina za Wahispania: dhana zinazopoteza watu

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia picha ya ramani kwenye simu. Karatasi ya rangi ya chai, kingo zimeungua, kwenye kona merikebu ya milingoti mitatu, na katikati ya milima msalaba mwekundu. Aliyempa alimwambia ni nakala ya ramani ya Wahispania ya mwaka 1650, kwamba dhahabu iko huko Amerika ya Kati, na kwamba wanatafutwa watu wa kuchangia nauli na vifaa; kila mchangiaji atapata fungu lake. "Mjomba, wewe ni mpima ardhi. Hii ni ya kweli?"

Niliikuza picha. Chini kabisa palikuwa na kipimio cha umbali kilichoandikwa kwa kilomita. Kilomita zilizaliwa Ufaransa miaka ya 1790. Nilimpigia palepale, asitume hata senti moja.

Lakini sikutaka yaishie hapo, kwa sababu hazina zenyewe zilikuwepo. Fedha iliyochimbwa mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, kuanzia mwaka 1545 ilisafirishwa kwa tani hadi Hispania, na sehemu yake ilizama kweli. Sarafu yao ya reale nane ilizunguka dunia nzima. Neno reale walilolitumia wazee wetu wa pwani kwa sarafu ya fedha, na riyali ya Oman mpaka leo, yanatokana na jina hilo hilo. Na ndoto ya kuokota mali ya kale naijua inavyokula watu. Waliowahi kuuza ng'ombe ili kuchimbua mali ya Mjerumani kwa kufuata alama za kwenye mawe hawahitaji kuelezwa. Basi haya ndiyo niliyomweleza kijana wangu.

"Walioficha walichora ramani na kuweka alama"

Alama ile imetoka kwenye riwaya. Robert Louis Stevenson aliitoa Treasure Island mwaka 1883, na huku kwetu ikasomwa kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina. Tangu hapo kila mtu akisikia hazina huona ramani na msalaba. Maharamia wenyewe walikuwa wakigawana na kutumia. Kisa kinachojulikana vizuri cha mali iliyozikwa ni cha haramia William Kidd, aliyefukia vitu kisiwa cha Gardiners karibu na New York mwaka 1699, na serikali ikavifukua muda mfupi tu baadaye.

Wahispania nao hawakuwa na sababu ya kuficha. Tangu 1503 palikuwa na ofisi mjini Seville, Casa de Contratación, iliyosimamia kila kilichotoka Amerika. Fedha iligongwa mihuri: uzito, ubora, mwenye mali, na alama kwamba mfalme amekwisha kulipwa fungu lake, moja ya tano. Kisha ikaandikwa kwenye daftari la shehena. Ofisi hiyo hiyo ilitunza ramani kuu ya bahari, Padrón Real, na kuilinda isifike kwa mataifa mengine. Sehemu kubwa ya mali tunayoisikia ilipotea baharini, kwenye vimbunga na vita, na nahodha aliyezama usiku juu ya mwamba hana nafasi ya kuchora msalaba.

"Ramani ya kale ni sahihi, kinachotakiwa ni kuisoma vizuri"

Hapa ndipo kazi yangu inaponifanya nishindwe kunyamaza.

Mabaharia wa karne ya 16 na 17 waliweza kupima latitudo, yaani uko kaskazini au kusini kiasi gani, kwa jua na nyota, na hawakukosea sana. Longitudo, yaani uko mashariki au magharibi kiasi gani, walikisia, kwa sababu kuipima kulitaka saa isiyopotea wakati. Walihesabu mwendo wa chombo, wakakadiria mkondo, wakaandika. Saa ya fundi Mwingereza John Harrison iliyoweza kutunza wakati baharini ilijaribiwa safari ya Jamaica mwaka 1761 na 1762, wakati misafara ya fedha ilikuwa imekwisha kusafiri kwa karibu miaka mia mbili. Digrii moja ya longitudo kule Florida ni kama kilomita 100. Tena kila mchoraji alianza kuhesabu mahali pake: huyu Tenerife, yule Cádiz, mwingine Paris.

Ongeza ligi, kipimo cha kale cha umbali. Ligi ya kisheria ya Hispania ilikuwa kama kilomita 4.2, na ile iliyotumiwa sana na wasafiri kama 5.6. Hati ikisema "ligi kumi kutoka mtoni" bila kutaja ipi, umekwisha kupotea kilomita 14 kabla hujaanza. Ongeza dira, ambayo kaskazini yake husogea mwaka hadi mwaka; pembe iliyosomwa 1650 huwezi kuifuata leo bila kuisahihisha. Na usisahau kwamba California ilichorwa kama kisiwa kwenye ramani nyingi za karne ya 17, mpaka mfalme wa Hispania akatoa amri mwaka 1747 kutamka kwamba si kisiwa.

Mwaka 1641 merikebu Concepción ilikuwa ikirudi na fedha, imeharibiwa na kimbunga. Marubani walishikilia kwamba wako karibu na Puerto Rico. Amiri wao, Juan de Villavicencio, alikataa, lakini kwa desturi ya Hispania njia ilikuwa mikononi mwa rubani. Wakageuza chombo na kupanda matumbawe kaskazini mwa kisiwa cha Hispaniola, mamia ya kilomita magharibi ya pale walipodhani wapo. Walionusurika hawakuweza kusema kwa uhakika wamezama wapi, na waliotumwa kuitafuta walirudi mikono mitupu. Nahodha William Phips aliifikia mwaka 1687 na kuopoa zaidi ya tani 25 za fedha. Ramani gani ingechorwa kutokana na maelezo ya marubani wale?

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Nuestra Señora de Atocha, iliyozama Septemba 1622 kwenye visiwa vidogo vya Florida. Watu 265 walikuwamo, wakapona watano waliong'ang'ania mlingoti. Mmarekani Mel Fisher, mtafuta hazina, alianza kuitafuta mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa karibu na kisiwa cha Matecumbe, kwa sababu hati zilisema Matecumbe na ramani ya leo inaonyesha Matecumbe. Mwanahistoria Eugene Lyon, aliyekuwa Seville akisoma mambo mengine, alikuta hesabu za mtu aliyetumwa kuopoa mizigo ya meli hizo miaka ile ile. Karatasi zimeliwa na wadudu. Humo mahali pa kazi paliitwa Cayos del Marqués, Visiwa vya Markizi. Wahispania wa 1622 walikuwa wakilitumia jina Matecumbe kwa kulegea, kwa visiwa vingi vya mstari ule. Mahali penyewe palikuwa magharibi mwa Key West, zaidi ya kilomita 150 kutoka pale Fisher alipokuwa akizamia.

Jina moja, na kosa la kilomita 150. Sisi tunaopima mashamba tunalijua hili: hati inasema "mpaka kwa mzee fulani", na wenye jina hilo kijijini ni watatu.

Mwaka 1973 wazamiaji wa Fisher waliibua mikuo ya fedha, yaani vipande vizito vya fedha iliyoyeyushwa. Mmoja ulikuwa na nambari 4584 iliyochongwa kwa mkono. Nambari ilitafutwa kwenye daftari la shehena la Atocha lililotunzwa Seville, ikaonekana, na uzito ukaoana. Naona nikiweka kidole kwenye mstari ule wa wino: karani wa bandari ameandika, bahari imekaa nao miaka 350, na mizani inakubaliana naye.

Hata hivyo haikuwa mwisho. Julai 1975 Dirk, mwana wa Fisher, alikuta mizinga ya shaba. Wiki moja baadaye chombo chake kilipinduka usiku. Wakafa yeye, mkewe Angel na mzamiaji mwenzao. Miaka kumi kamili ikapita, hadi tarehe 20 Julai 1985, ndipo mwana mwingine, Kane, alipopiga redio akasema wazikunje ramani, lundo kuu limepatikana.

"Basi ramani za kale hazina maana yoyote"

Hapana. Bernard Romans aliyepima Florida miaka ya 1770 aliandika kwenye ramani yake kwamba mbele ya mto fulani alifia amiri wa msafara wa fedha wa 1715, ule ambao kimbunga kilizamisha meli 11 usiku mmoja. Ramani hiyo ilimsaidia sana Kip Wagner, mwashi aliyekuwa akiishi pwani ile. Lakini Wagner alikuwa amekwisha kuokota sarafu ufukweni baada ya dhoruba. Ramani ilithibitisha alichokuwa nacho mkononi.

"Nchi kavu ni rahisi kuliko baharini"

Nchi kavu ndiko kunakoua watu kimyakimya. Adolph Ruth, mzee wa miaka 66, aliingia milima ya Superstition huko Arizona Juni 1931 akiwa na ramani zilizodaiwa kuonyesha mgodi wa kale wa familia ya Peralta kutoka Mexico. Fuvu lake lilipatikana Desemba. Mgodi haujapatikana hadi leo.

Kule Ekuado kuna safu ya Llanganates, milima ya ukungu, matope na mvua isiyokatika. Inasemekana dhahabu iliyokuwa ikipelekwa kumkomboa Atahualpa, mfalme wa Inka, ilirudishwa na kufichwa huko baada ya Wahispania kumwua Julai 1533. Kuna maelezo ya njia, hatua kwa hatua, yanayohusishwa na Mhispania aitwaye Valverde. Mtaalamu wa mimea Richard Spruce aliyanakili pamoja na ramani ya Atanasio Guzmán, yakachapishwa London mwaka 1861, na tangu hapo watu wamekuwa wakiyafuata hadi wanakwama. Kinachojulikana bila shaka ni kwamba dhahabu ya fidia iliyofika Cajamarca, mji wa Peru alikoshikiliwa mfalme huyo, iliyeyushwa. Masanamu, vyombo, mapambo ya mahekalu, vyote vikaingia tanuruni vikatoka vipande vya kugawana. Roho inaniuma nikifikiria ufundi ule. Spruce mwenyewe alichotoa Ekuado ni mbegu za mti wa kwinini, zikapandwa India.

"Ukipata ni vyako"

Oktoba 1804 meli za Uingereza ziliushambulia msafara wa Hispania karibu na Ureno, na meli yake moja, Mercedes, ikalipuka. Afisa Diego de Alvear alikuwa kwenye meli ya jirani; aliona kwa macho yake mkewe na watoto wake wakiteketea. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani iliopoa sarafu zipatazo 594,000, uzito wa tani 17, ikazipeleka Florida. Hispania ikaenda mahakamani: ile ilikuwa meli ya jeshi lake na kaburi la watu wake. Ikashinda. Februari 2012 sarafu zote zikapakiwa ndege mbili za kijeshi zikarudi, na waopoaji hawakubaki na kitu.

San José, meli nyingine ya Hispania, iliyozamishwa na Waingereza karibu na Cartagena ya Kolombia mwaka 1708 ikiwa na watu kama 600, ilitambuliwa mwaka 2015 kwenye kina cha mita 600 hivi kwa mizinga yake yenye nakshi za pomboo. Kolombia inasema ni yake. Hispania inasema ni yake. Na jamii ya Qhara Qhara ya Bolivia imesimama ikasema fedha ile ilichimbwa na babu zao waliolazimishwa kwa zamu kuingia migodini Potosí. Nikiulizwa mimi, hao wa tatu ndio ambao ningewasikiliza kwanza.

Kisiwa cha Cocos cha Costa Rica, ambako Mjerumani August Gissler alichimba kuanzia 1889 hadi 1908 akaondoka na sarafu chache tu, ni hifadhi ya taifa tangu 1978. Kuchimba ni marufuku.

"Wahispania waliiacha mali yao, inasubiri"

Walirudi karibu kila mara, na waliozamia kuiopoa walikuwa wengine: wenyeji wa Karibi waliozoea kuzamia lulu, na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Mtu anavuta pumzi, anakumbatia jiwe, anashuka.

Kwa ajili ya Atocha na mwenzake Santa Margarita alitumwa Francisco Núñez Melián. Alitengeneza kengele ya shaba ya kumshusha mtu chini pamoja na hewa yake, akaahidi kwamba mtumwa atakayekuwa wa kwanza kuigundua meli ataachwa huru. Juni 1626 Juan Bañón aliibuka majini na mkuo wa fedha. Ulikuwa wa Santa Margarita. Atocha Melián hakuipata, ila aliandika hesabu za kazi yake yote akazipeleka kwa wakuu wake. Ndizo zile karatasi zilizoliwa na wadudu, alizokuja kuzikuta Lyon.