Lincoln hakuwa wakili alipokuwa kapteni

Wengi hudhani Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipewa ukapteni wa wanamgambo wa jimbo la Illinois kwa sababu alikuwa mwanasheria. Mambo yalikwenda kinyume. Aprili 1832, Vita vya Black Hawk (dhidi ya Wahindi Wekundu walioongozwa na chifu wa jina hilo) vilipoanza, alikuwa karani wa duka kijijini New Salem, na leseni ya uwakili aliipata Septemba 1836. Ukapteni ulitoka kwa askari wenyewe: siku zile wanamgambo walimpigia kura kiongozi wao, basi kujulikana na majirani kulikuwa na uzito kuliko cheti.

Mkataba wa kwanza ulipokwisha mwezi Mei, alijiandikisha tena mara mbili, safari hii kama askari wa kawaida (kushuka cheo namna hiyo hakukuwa aibu). Alimaliza Julai bila kupigana hata mara moja. Baadaye, akiwa mbunge katika Bunge la Marekani, alitania kwamba damu aliyomwaga ilinywewa na mbu.

Uwakili wake wa Springfield, mji wa Illinois, nao haukuwa wa kesi za mauaji tu, kama inavyosimuliwa. Zaidi ya nusu ya kesi zake zilikuwa za madeni, na alizifuata kwa farasi kutoka kaunti hadi kaunti, masika na vuli.