Presha ya Stelingi ya Lori: Dhana za Gereji na Ukweli wa Geji

Dereva akiingia gereji akilalamika kuwa stelingi imekuwa ngumu, mara nyingi hukumu hutolewa hata kebini haijainuliwa: pampu imechoka, nunua nyingine. Pampu inanunuliwa, inafungwa, na lori linatoka likiwa gumu vile vile. Tajiri anamwona fundi mwizi, fundi anasema pampu ni feki, na kumbe hakuna aliyepima. Kifaa cha kumaliza ubishi huu kipo: geji ya presha, kipima mtiririko na koki ya kufungia, vikiungwa kwenye mpira wa presha kati ya pampu na boksi la stelingi, yaani lile linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa nguvu ya kukata matairi. Gereji inayoshika malori na haina kifaa hicho inafanya kazi kwa kubahatisha, na anayelipia kubahatisha huko ni mteja.

Dhana: pampu ndiyo inayotoa presha

Pampu inatoa mtiririko. Presha huzaliwa oili inapokutana na kizuizi. Lori likiwa kwenye barabara iliyonyooka, oili inapita kwenye boksi na kurudi kwenye kopo lake la akiba bila kazi kubwa, na geji inasoma bar chache tu. Likisimama na mzigo kwenye lami kavu, dereva akakata usukani, sindano inapanda kwa sababu matairi yanagoma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inairuhusu ekseli ya usukani kubeba hadi tani 8, na uzito wote huo unazungushwa na oili iliyomo ndani ya boksi lile.

Kupanda kwa presha kuna mwisho wake. Valvu ya usalama ya pampu hufunguka na kuirudisha oili. Kwa malori mengi makubwa kikomo hicho huwa kati ya bar 150 na 185, yaani psi 2,175 hadi 2,683 hivi. Namba ya lori lako haikisiwi: ipo kwenye kibao cha pampu au kwenye kitabu cha mtengenezaji, na haipaswi kuzidi ile inayoruhusiwa kwenye boksi.

Kwa hiyo geji inayosoma chini wakati usukani umetulia ni habari njema. Ya kutia wasiwasi ni ile inayosoma juu wakati hakuna anayekata usukani. Hapo mpira wa kurudishia umebanwa au umevimba kwa ndani, filta imeziba, au valvu ya boksi hairudi katikati.

Dhana: stelingi ngumu maana yake presha imeshuka

Wakati mwingine ni kweli. Lakini kingipini (pini ambayo tairi la mbele huzungukia likikata kona) iliyokauka grisi hufanya usukani kuwa mgumu kuliko pampu iliyochoka, na hakuna geji itakayoonyesha hilo. Upepo mdogo kwenye matairi ya mbele, mzigo uliosogezwa mbele mno, joint ya shafti ya usukani iliyoshika kutu chini ya kebini, beringi ya kingipini iliyokufa: vyote hivi huja na malalamiko yale yale.

Kabla ya kufungua mpira wowote, piga jeki ekseli ya mbele, weka stendi, kisha uchomoe draglinki (fimbo inayopeleka msukumo kwenye matairi) kwenye pitmani amu (mkono unaotoka kwenye boksi). Zungusha matairi kwa mkono kulia na kushoto. Yakiwa mazito au yakigoma mahali fulani, ugonjwa upo chini na pampu haina kosa. Ni kazi ya muda mfupi isiyohitaji spea hata moja, lakini ndiyo inayorukwa kila siku.

Dhana: ili kupima presha, kata usukani mpaka mwisho na ushikilie

Hii ndiyo inayopoteza pesa nyingi kuliko zote, maana hudanganya na kuharibu kwa wakati mmoja.

Inadanganya hivi. Maboksi mengi ya malori yana valvu ndogo za kukata presha, zinazofunguka tairi linapokaribia mwisho wa kona. Zimewekwa makusudi, ili boksi lisiendelee kusukuma kwa nguvu zote wakati boliti ya stopa, ile inayozuia tairi lisikate zaidi, imeshagusa ekseli. Sasa fundi anakata usukani mpaka mwisho, valvu hizo zinafunguka kama zilivyoundwa, geji inasoma chini, naye anatangaza pampu imekufa. Pampu nzima inatupwa kwa sababu boksi limefanya kazi yake sawasawa.

Inaharibu hivi. Kama valvu hizo hazifunguki, pampu inabaki kwenye presha ya juu kabisa huku oili ikizunguka mle mle ndani. Joto hupanda kwa kasi. Sili hukauka, na mapezi ya pampu huanza kusuguana na ukuta bila oili ya kutosha. Mwisho wa kushikilia ni sekunde 5.

Namna sahihi ni hii. Zuia matairi ya nyuma, vuta breki ya mkono. Unga kifaa cha kupimia, na hakikisha geji ipo upande wa pampu na koki ipo upande wa boksi. Ukivigeuza, kufunga koki hakutakuonyesha kitu. Tumia geji inayofika angalau bar 250. Washa injini koki ikiwa wazi kabisa, na uiache oili ipate joto la kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, kwani oili ya baridi ni nzito na masomo yake hayaaminiki. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, funga koki polepole macho yakiwa kwenye sindano. Itapanda, kisha itatulia kwenye kikomo cha valvu ya usalama. Soma, fungua mara moja. Sindano ikipita namba ya kitabu, usisubiri ione mwisho wake: fungua.

Ikifika kwenye namba yake, pampu ina presha. Bado hujamaliza, kwa sababu presha ni nguvu tu, na kasi ya usukani hutoka kwenye mtiririko. Pampu iliyolika inaweza kufikisha bar zote ukiifungia koki, lakini ikashindwa kupeleka lita za kutosha injini ikiwa chini. Dereva wake atakwambia usukani ni mwepesi akikata taratibu, ila unagoma ghafla akikata haraka wakati wa kurudi nyuma. Funga koki nusu, uipe pampu mzigo, halafu tazama kipima mtiririko. Lita zikianguka sana kadiri presha inavyopanda, hapo sasa pampu imechoka kweli.

Boksi nalo lina kipimo chake. Kipande cha chuma cha unene wa milimita 25 hivi huwekwa kati ya boliti ya stopa na ekseli, ili tairi lisimame kabla valvu za kukata presha hazijafunguka. Kishikwe kwa koleo refu, kamwe si kwa vidole. Kata usukani mpaka chuma kibanwe, ongeza msukumo kidogo, soma mtiririko, achia. Boksi lililo zima huziba njia, na mtiririko hushuka karibu na sifuri. Lita zinazoendelea kupita ndizo zinazovuja ndani ya boksi, na kitabu kitakwambia kiwango kinachovumilika. Fanya hivyo pande zote mbili, maana sili inaweza kufa upande mmoja tu.

Dhana: presha ikishuka, ongeza washa chini ya springi

Kukaza springi ya valvu ya usalama kwa washa (ringi bapa ya chuma) kunapandisha kikomo tu. Pampu iliyolika hadi presha ikashuka haifiki hata kwenye kikomo cha zamani, hivyo washa haisaidii chochote. Pampu nzima nayo itakifikia kikomo kipya, na hapo mpira wa presha, sili za boksi na shafti ya pitmani vitabeba nguvu ambayo havikuundwa kuibeba. Nakuomba fikiria mpira huo ukipasukia kwenye mteremko wa Kitonga, lori limejaa na kona inakuja. Marekebisho halali yapo kwa pampu ambazo mtengenezaji ameruhusu, kwa shimu zake (washa nyembamba za kipimo) na kwa kipimo chake, geji ikiwa imeungwa. Nyingine zote hubadilishwa valvu nzima.

Kabla ya hapo, ichomoe valvu uitazame. Mara nyingi ni uchafu tu ulioifanya ibaki wazi.

Dhana: skrubu ya juu ya boksi inaongeza presha

Haigusi presha kabisa. Inarekebisha nafasi kati ya meno ya shafti na pistoni. Ukiikaza kupita kiasi, usukani unakuwa mzito katikati na haurudi wenyewe baada ya kona, na dereva anaanza kupigana na lori barabara nzima. Kinachohusu presha ni zile valvu za kukata: ukigusa boliti za stopa, au ukiweka matairi mapana na kupunguza kona, zikaguliwe upya. Zisipofunguka kabla ya stopa kugusa, kila kona ya mwisho itapiga boksi na viungo vyote kwa nguvu kamili.

Dhana: oili ni oili

Kuna malori yanayotaka oili ya giaboksi ya otomatiki, na kuna yanayotaka oili ya injini. Kuchanganya oili hizo ni kuua sili. Oili ikitoa povu ndani ya kopo kuna hewa, na vipimo vyote vitacheza mpaka uitoe: inua ekseli ya mbele, injini iwe kwenye mzunguko wa chini, zungusha usukani kutoka upande hadi upande bila kushikilia mwisho, ukiongeza oili kadiri inavyoshuka.

Dhana: mvujo mdogo utafute kwa kupapasa

Usifanye hivyo hata kwa glovu. Tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wenye bar 150 linaweza kurusha oili ikapenya ngozi na kuingia ndani ya mkono. Pitisha kipande cha kadibodi kando ya mpira, kikilowa umepata mahali. Usifungue nati yoyote injini ikiwa inanguruma.

Jeraha la namna hiyo huonekana dogo, pengine alama tu isiyouma sana saa za mwanzo, na hapo ndipo mafundi wengi huifunga kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Ndani, oili inasambaa na kuua nyama, na anayechelewa anaweza kukatwa kidole au mkono. Nenda hospitali yenye upasuaji saa hiyo hiyo, na umwambie daktari waziwazi kuwa ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, ni ya aina gani, na ilikuwa saa ngapi.