Je, wajua? Aliyefuta picha yako Wikimedia Commons hana mwajiri

Tuseme umepakia picha ya kibanda cha rolex, ile chapati iliyoviringwa na mayai, pale Wandegeya, Kampala, kwenye Wikimedia Commons, ile hazina ya picha, sauti na video ambayo yeyote duniani anaruhusiwa kuchukua kitu na kukitumia bure. Baada ya wiki unarudi, haipo. Mahali pake kuna jina la mtu usiyemjua na sababu ya mistari miwili. Swali linalokujia huwa na hasira kidogo, lakini ni swali zuri: huyu ni nani, na nani alimpa kazi hii?

Jibu linaloruka kichwani mwa wengi ni kwamba ni mfanyakazi wa ofisi fulani Marekani. Dhana hii haikutoka hewani. Mitandao mikubwa tuliyoizoea ndivyo inavyoendeshwa: watu hulipwa kukagua yanayopakiwa. Hatuhitaji kwenda mbali kuwapata, kwa sababu Nairobi kulikuwa na ofisi nzima ya watu walioajiriwa na kampuni ya Sama kukagua yaliyowekwa Facebook. Kwa hiyo mtu akiona kitu kimeondolewa, anamwona karani mezani, mwenye mshahara na bosi wa kulalamikiwa.

Ofisi ipo kweli. Wikimedia Foundation, shirika lenye Commons na Wikipedia, ina makao yake San Francisco na ina wafanyakazi wa mshahara. Hao hutunza seva, huandika programu, hutafuta fedha na hujibu barua za mawakili. Kuamua kama picha ya kibanda chako ibaki au iondoke si kazi yao, ukiacha mambo machache ambayo sheria inawalazimisha kuyaingilia. Kazi hiyo hufanywa na watu wasiolipwa, kila mmoja nyumbani kwake, na wengi wao hawajawahi kuonana. Ukiandika barua San Francisco kumshtaki aliyefuta, kwa kawaida utaelekezwa urudi kulekule ukajadiliane naye.

Ukimweleza mtu hivyo, anahamia kwenye kosa la pili, na hili ndilo sugu zaidi. Anasema: sawa, ni wa kujitolea, basi fomu iko wapi? Kwetu Uganda kujitolea kuna sura yake. Kuna shirika, kuna tangazo, kuna barua ya maombi na usaili. Kuna fulana yenye nembo, nauli ya kurudishiwa, soda na keki saa nne, na mwisho cheti cha kuonyesha kwenye maombi ya kazi yenye mshahara. Siikejeli, cheti kimewasaidia wengi. Ila mtu aliyezoea sura hiyo akifika Commons anatafuta mlango wa kubisha, haupati, anaondoka akidhani nafasi zimejaa. Wenye mradi nao hukosea kwa namna hiyohiyo. Wanapohitaji watu huanza na tangazo, "tunahitaji wajitoleaji", kisha hushangaa kuona limesomwa na wengi na halikuleta mtu.

Kwa ufupi kuhusu mradi wenyewe: Mjerumani Erik Möller aliupendekeza Machi 2004, ukafunguliwa tarehe 7 Septemba mwaka huohuo ili picha zihifadhiwe mahali pamoja badala ya kila Wikipedia kuweka zake. Ulifikisha faili milioni 1 mwaka 2006 na ukavuka milioni 100 mwaka 2023. Wenye uwezo wa kufuta, ambao Wikipedia ya Kiswahili huwaita wakabidhi, hawafiki 200. Gawanya uone: kila mmoja anaangukiwa na faili zaidi ya nusu milioni. Hesabu hiyo ingetosha kumtorosha yeyote, na nadhani ndiyo inayofanya suala zima liwe la ajabu kiasi hiki. Inawezekanaje?

Ingia jikoni penye msiba, kijijini Buganda. Matoke ya watu mia tatu lazima yaive kabla ya saa saba. Hakuna aliyetangaza nafasi za kumenya. Mgeni anafika, anatoa pole, anaona rundo la matoke na kisu kisicho na mtu, anakaa kwenye mkeka. Hakuna anayemwuliza ukoo wake wala uzoefu wake. Kwa nini? Kwa sababu kosa la kumenya vibaya ni dogo na linaonekana papo hapo: mama aliye kando ataichukua ile ndizi iliyobaki na maganda, ataimenya upya huku akiendelea na hadithi yake. Sufuria ni habari nyingine. Matoke yakishafungwa kwenye majani ya migomba na kuwekwa juu ya moto, kosa halirudishiki kirahisi, kwa hiyo anayesimamia moto ni mtu ambaye mikono yake imeshaonekana. Stoo ya sukari na mchele ni habari nyingine tena. Jioni utakuta ufunguo umefungwa kwenye kona ya leso ya mtu ambaye asubuhi alikuwa anamenya tu. Hakuna aliyemfanyia usaili. Kila aliyekuwepo alikuwa amemwona siku nzima.

Commons imejengwa hivyohivyo, tofauti ikiwa kwamba kule kila aliyemenya ameandikwa. Kila ukurasa una historia yake: nani alibadili nini, saa ngapi. Kutengua badiliko baya ni kubofya mara moja au mbili, mara nyingi haraka kuliko muda alioutumia aliyeharibu. Kwa kuwa kurekebisha ni rahisi, mradi hauna haja ya kumchuja mtu mlangoni. Unaweza kumwacha mgeni kabisa afanye kazi leo, bila kumjua, halafu kazi yenyewe imtambulishe.

Kutoka hapo ngazi hupandwa kidogokidogo. Aliyeonekana kuwa makini kwa muda anaweza kupewa haki ya kubadili majina ya faili, au ya kufanya doria kwenye mabadiliko ya wageni, au ya kuthibitisha kwamba picha iliyoletwa kutoka tovuti nyingine kweli ilikuwa na leseni huru kule ilikotoka. Juu zaidi kuna ukabidhi. Anayeutaka hujitokeza au hupendekezwa mbele ya wote, mjadala hukaa wazi siku 7, na huhitaji angalau kura 8 za kumuunga mkono na asilimia 75 ya wanaopiga kura. Watu hufukua historia yake mbele yake: ile picha uliyoomba ifutwe mwaka juzi, ulikuwa na sababu gani? Ni usaili, ndiyo, lakini unakuja mwisho, baada ya kazi. Na ufunguo hurudishwa: mkabidhi asiyefikisha vitendo 5 vya kikabidhi ndani ya miezi 6 huulizwa kama bado yupo, na akinyamaza au akiendelea kulala huvuliwa.

Utaratibu huu hauwahusu wote. Wanaopokea barua pepe za siri, kwa mfano ya mpiga picha anayethibitisha kwamba ametoa ruhusa, huomba nafasi rasmi na hutia saini mkataba wa kutunza siri. Inaeleweka, siri ikivuja haitenguliwi kwa kubofya.

Sasa, kama mlango uko wazi hivyo, kwa nini watu hawajai? Hapa ushahidi wetu mwingi unatoka Wikipedia ya Kiingereza, si Commons, na tahadhari hiyo ibaki mkononi. Kule idadi ya wahariri hai ilifika kileleni mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maelezo iko kwenye mapokezi: wageni wenye nia njema walizidi kutenguliwa kazi zao za kwanza, mara nyingi kwa zana za kompyuta zilizobuniwa kupambana na waharibifu, nao hawakurudi. Tatizo halikuwa tangazo. Kilichobadilika ni kwamba mgeni alinyang'anywa kisu kabla hajamaliza ndizi ya kwanza.

Uganda tuna njia zetu mbili za kunyang'anywa kisu. Ya kwanza ni VPN, programu inayoficha anwani ya simu yako mtandaoni. Kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa kwenye mitandao ya kijamii Julai 2018 iliwafundisha Waganda wengi kutumia VPN, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 wasiokuwa nayo waliipakua. Miradi ya Wikimedia nayo huzuia anwani za VPN, kwa kuwa waharibifu hujificha humo. Kwa hiyo kijana wa Mbarara mwenye picha zake halali anabonyeza kupakia na kukutana na ujumbe kwamba amezuiwa, bila kujua kwamba kosa lake ni ile programu ndogo aliyoisahau inafanya kazi simuni. Kuna utaratibu wa kuomba msamaha wa kizuizi hicho, lakini mtu wa siku ya kwanza ataujulia wapi?

Ya pili ni WhatsApp. Rudi kwenye kibanda chetu cha rolex. Aliyepiga picha ana simu nzuri lakini bando limekwisha, basi anaituma kwa rafiki mwenye kompyuta ofisini ili aipakie. WhatsApp huipunguza ukubwa na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili: aina ya kamera, tarehe, saa. Anayeikagua kutoka nchi nyingine anaona picha ndogo, haina taarifa za kamera, imepakiwa na akaunti mpya, imeandikwa "kazi yangu mwenyewe". Ndivyo picha iliyoibwa mtandaoni inavyoonekana. Ukiwa mahali pake, ungeifuta? Wengi wangeomba angalau ijadiliwe. Dawa ni ndogo mno: tuma kama dokumenti, si kama picha, kwa kuwa hapo faili hufika kama ilivyo, na mpiga picha afungue akaunti yake mwenyewe.

Kuhusu zawadi na sifa, kuna jaribio moja ninalolipenda. Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwapa baadhi ya wahariri wa Wikipedia nyota, yaani picha ya medali isiyo na thamani hata ya shilingi moja, bila mpangilio. Waliopewa walifanya kazi zaidi kwa asilimia 60 katika siku 90 zilizofuata kuliko wasiopewa. Wanaharakati wa mitandao huwa wanaishia hapo. Lakini waliochaguliwa walikuwa kwenye asilimia 1 ya wahariri wenye bidii kuliko wote. Nyota iliwasukuma watu waliokuwa tayari wanakimbia. Haituambii kama ingemwinua aliyekaa.

Mashindano ya picha nayo yapimwe kwa jicho hilo. Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014 kwa mada ya vyakula, limeleta picha nyingi za bara hili ambazo zisingepatikana kwingine. Ni kazi kubwa. Ila kupakia picha kwa ajili ya zawadi na kubaki ukipanga picha za wengine ni shughuli mbili, na anayeandaa shindano akitarajia wakabidhi watoke humo wenyewe atangoja sana.

Anayetaka wasaidizi wa kudumu afadhali aonyeshe rundo na kisu. Na rundo letu lipo. Tafuta picha za Uganda uone maelezo ya aina hii: "mwanamke wa Kiafrika, vazi la asili". Aliyeandika hakuwa na ubaya, hakujua tu. Mtu wa Masaka anatazama mara moja: mabega yamechongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana chini ya kiuno. Hiyo ni gomesi. Nyingine kitambaa kimeshuka kutoka bega moja; hiyo ni mushanana, na mvaaji huenda ni wa upande wa Ankole. Picha ya makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, bila tarehe inahitaji mtu wa kusema kama ni nyumba iliyoungua Machi 2010 au ni ile iliyojengwa upya. Kurekebisha mstari mmoja kama huo hakuhitaji kompyuta, kunakula bando dogo sana, na ukikosea kunatenguliwa.

Zima VPN kwanza.