Mahali pasipouma: maswali na majibu kuhusu kujidunga insulini

Kwenye benchi la kliniki ya sukari, iwe ni pale Russia, kama watu wa Kisumu wanavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au katika zahanati ya kijijini upande wa Ahero, wagonjwa huzungumza wazi kuhusu bei ya sirinji na vyakula walivyokatazwa. Tumbo lenye madoa na vinundu hufichwa chini ya shati. Maswali yafuatayo huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa.

Sista, kila nikijidunga nasikia moto. Wenzangu wanasema wao hawasikii kitu. Nakosea wapi?

Mchomo mdogo ni wa kawaida. Moto una sababu yake, na sababu hiyo hupatikana ukiitafuta. Je, dawa umeitoa kwenye friji sasa hivi? Insulini baridi huchoma. Chupa unayoitumia si lazima ikae kwenye friji, na kama imetoka humo, ishike viganjani kwa dakika chache kwanza. Je, umepaka spiriti ukadunga ngozi ingali mbichi? Spiriti ikiingia na sindano, lazima iwashe. Maji na sabuni vinatosha kabisa. Ukipenda spiriti, subiri ikauke.

Huenda pia sindano inafika kwenye msuli. Insulini inatakiwa kubaki kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, na ngozi yenyewe, kwa mnene na kwa mwembamba, ni kama milimita 2 tu. Sindano ya sirinji mara nyingi ni milimita 8 au zaidi, kwa hiyo mtu mwembamba akiisimamisha wima hupita mafuta yote. Finya ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, uinue mkunjo, kisha uingize sindano kwa kuilaza kidogo. Ingiza haraka, sukuma dawa polepole, hesabu hadi 10, ndipo uchomoe. Wengi hufanya kinyume: huingiza kwa woga, polepole, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Wanaotumia kalamu ya insulini yenye sindano ya milimita 4 hawana haja ya kufinya, isipokuwa aliyekonda sana na mtoto mdogo.

Nina mahali pangu kando ya kitovu ambapo hapaumi hata kidogo. Nimekuwa nikipatumia hapo tu. Kuna ubaya?

Ubaya ni mkubwa, na ningetaka kila anayejidunga alisome jibu hili hata akiacha mengine.

Paguse. Karibu kila mara utakuta pamevimba, pagumu kidogo au laini kama mpira, wakati mwingine uvimbe hauonekani bali husikika kwa vidole tu. Insulini yenyewe huchochea mafuta kukua inapomwagwa mahali pamoja kila siku, na sindano iliyorudiwa huongeza jeraha. Panapovimba hivyo, hisia hupungua. Ndiyo maana hapaumi, ndiyo maana mtu hurudi hapo hapo, na nundu ikaendelea kunenepa.

Shida si sura ya tumbo. Dawa ikiingia kwenye nundu haitoki kwa mpangilio. Leo itachelewa, kesho itatoka yote kwa pamoja. Ndipo unakuta sukari ni 18 asubuhi, juu sana, na 3 jioni, chini mno, ilhali ugali ni ule ule na dozi ni ile ile. Mgonjwa analaumiwa kwamba anakula vibaya, dozi inaongezwa, na hakuna aliyeinua shati kutazama. Ukifika kliniki, usingoje uombwe. Sema, "Naomba uniguse tumbo."

Basi nikihama niende upande mwingine leo hii?

Hama, lakini si kimyakimya. Kwenye ngozi isiyo na nundu dawa hufanya kazi sawasawa, kwa hiyo dozi uliyoizoea inaweza kuwa nyingi kupita kiasi na sukari ikaanguka. Ongea na kliniki kwanza. Mara nyingi daktari hupunguza dozi, na utapima sukari mara nyingi zaidi kwa siku za mwanzo. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu, mkimbizeni hospitali.

Nundu yenyewe haipasuliwi wala haikandwi kwa maji moto. Iache ipumzike. Hupungua taratibu, kwa miezi.

Nitakumbukaje mahali pa kudunga kila siku?

Gawa tumbo sehemu 4, ukiacha upana wa vidole 2 kuzunguka kitovu. Wiki hii tumia sehemu moja, wiki ijayo ile inayofuata, ukizunguka kama mshale wa saa. Ndani ya sehemu hiyo, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Mapaja kwa mbele, upande wa nje, na makalio pia yanafaa. Usirukeruke ovyo tu, tumbo asubuhi ya leo na paja asubuhi ya kesho, kwa kuwa insulini ya kawaida huingia damuni haraka zaidi ikitoka tumboni kuliko pajani. Asubuhi ikiwa ya tumbo, na ibaki ya tumbo.

Sirinji ni ghali. Naweza kurudia moja mara ngapi?

Imetengenezwa itumike mara moja. Hilo ndilo jibu, ingawa najua hesabu ya nyumbani inasema lingine. Ncha huanza kupinda mapema, na utelezi uliopakwa kwenye chuma kiwandani huisha. Kama huna budi kurudia, iwe yako peke yako, ifunikwe, na uitupe mara tu inapoanza kuuma au ikigusa chochote. Usiichemshe wala kuifuta kwa spiriti. Unaondoa ule utelezi uliobaki. Kumwazima mtu mwingine, hata mume au mke, hapana.

Nikichomoa, tone la damu hutoka au panabaki doa jeusi.

Umegusa mshipa mdogo. Bonyeza kwa pamba bila kusugua. Doa litafifia lenyewe. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda na madoa ni mengi, mwambie daktari.

Na pakiwa pekundu?

Wekundu kidogo au muwasho unaopotea ndani ya siku chache mara nyingi si hatari. Pakiwa na joto, pakavimba, pakauma zaidi kila siku au pakatoka usaha, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana kwa mwenye sukari kijipu hukua haraka. Uso ukivimba au pumzi ikibana baada ya sindano, hiyo ni dharura.

Jipu la sindano lina umri sawa na dawa yenyewe. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 wa Toronto aliyekuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Januari 1922, alipata jipu mahali alipodungwa kwa sababu dawa ile haikuwa safi. Siku 12 baadaye alipewa iliyosafishwa zaidi na sukari ikashuka. Insulini ya leo ni safi. Uchafu tunauleta wenyewe kwa mikono na sindano.

Sina friji, na joto la hapa Kisumu mnalijua.

Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya uchunguzi uliofuata joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab: insulini iliyokaa wiki 4 kwenye nyuzi kati ya 25 na 37 haikupoteza nguvu. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa itakaa vizuri ndani ya chungu cha udongo cha pale soko la Kibuye: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji katikati, mahali penye kivuli na upepo. Andika tarehe uliyoifungua. Kinachoua dawa haraka ni dashibodi ya matatu juani, bati la paa, na barafu. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka tena.

Mwanangu wa miaka 7 hukimbia akiona sirinji.

Mama, anza kwa kuacha kumtishia sindano anapokosa adabu. Kisha mwache achague: paja la kulia au la kushoto? Kipande cha barafu kwenye ngozi kwa muda mfupi kabla ya kudunga hupunguza uchungu. Mdunge haraka, bila mabishano marefu.

Sindano zilizotumika nizitupe chooni?

Hapana, wala si kwenye shimo la takataka ambako watoto huokota vitu. Tafuta chupa ngumu ya plastiki, kama ya Jik, uiandike "sindano", uiweke juu wasipofikia. Ikijaa robo tatu, ifunge na uje nayo siku yako ya kliniki.