Ubongo kujaza pengo la macho: ni nini hasa kinatokea mtu akipoteza sehemu ya uoni

Kabla ya maelezo chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo kushoto na nukta nzito kulia, ziachane kama sentimita 8 hivi. Ziba jicho la kushoto, kodolea ule msalaba kwa jicho la kulia bila kuhamisha macho, alafu sogeza karatasi taratibu kutoka mbali kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 nukta inapotea, na pale ilipokuwa huoni shimo wala doa jeusi, unaona karatasi tu. Sasa piga mstari wa wima upite katikati ya ile nukta na urudie, mstari utauona mzima, hauna mkato. Pale nukta inapoangukia ndani ya jicho ndo mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo, kwahiyo hamna chembe ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alishaligundua hilo tangu miaka ya 1660, na kila mwenye macho mazima anaishi na pengo hilo bila habari.

Hiyo ndo dhana yenyewe. Ubongo ukikosa taarifa kutoka sehemu fulani ya jicho unachukua kilichopo pembeni unakisia, kama fundi anayetia kiraka kwa kitambaa kilekile cha nguo mpaka mshono hauonekani. Na sio kwenye pengo la kuzaliwa nalo tu, inatokea pia mtu akipoteza sehemu ya uoni ukubwani, iwe kwa glakoma (wengi tunaita presha ya macho), kwa makula (sehemu ya katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kuchakaa uzeeni, au kwa kiharusi.

Kwenye glakoma jambo hili linaumiza kweli. Ugonjwa mara nyingi unaanza kula pembeni, jicho moja linaficha udhaifu wa lenzake, ubongo nao unajaza, basi mtu anakwambia naona vizuri tu na hana nia ya kudanganya. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha kazi waliyofanya na wagonjwa 50 wa glakoma, waliwaonyesha picha wachague inayofanana na wanavyoona wao, na hakuna hata mmoja aliyechagua ile ya giza pembeni kama mtu anachungulia kwenye bomba, ambayo ndo tunaiona kwenye mabango kila siku. Wengi walichagua picha yenye sehemu zenye ukungu, wengine vitu vimetoweka kabisa, na robo hivi walisema hawajaona tofauti yoyote. Kwahiyo usisubiri kuona giza. Mtu anayelalamika kwamba bodaboda zinamtokea ghafla, anayepiga bega kwenye mlango aliouzoea, huyo apelekwe kupima, maana uoni uliokwisha kuliwa na glakoma haurudi, kinachookolewa ni kilichobaki.

Makula ni kinyume chake, inapotea katikati, pale unaposomea na kutambua sura. Hapa ubongo unafanya kitu cha kushangaza, unachagua kipande kingine cha retina kilicho kizima kando ya kidonda na kukifanya kituo kipya cha kutazamia. Ndo maana bibi anaweza kukuelekezea macho sikioni au juu ya kichwa chako wakati anaongea na wewe, na hapo ndipo anakuona uso. Tafadhali usimwambie "niangalie mimi bibi", anakuangalia. Wengi wanajikuta wanafanya hivyo bila kufundishwa, na mazoezi yanasaidia, ila kusoma kunabaki kwa taratibu na herufi zinatakiwa ziwe kubwa kwasababu pembeni ya jicho haina ukali wa katikati.

Je ubongo wenyewe unajipanga upya? Kisogoni kuna eneo lenye ramani ya kile macho yanaona, nukta kwa nukta. Mwaka 1992 watafiti wa ubongo Charles Gilbert na Torsten Wiesel walionyesha kwa wanyama kwamba seli za ramani hiyo zikikosa taarifa kutoka sehemu ya retina iliyoumia, baada ya miezi zinaanza kuitikia sehemu za jirani. Wengine wamepima wakasema mabadiliko hayo ni madogo kuliko ilivyodhaniwa, ubishi huo upo mpaka leo. Mimi kilichonishawishi ni mgonjwa mmoja wa kiharusi aliyeandikwa mwaka 2007, ukimwonyesha mraba karibu na upande asioona anauona mstatili, umevutika kuelekea kwenye pengo. Hapo sio kujaza rangi tu, umbo lenyewe limebadilika.

Kuna sura nyingine ambayo naomba isomwe na kila anayeishi na mzee. Ubongo ukikaa muda mrefu bila taarifa za kutosha unaweza kutengeneza picha zake wenyewe, watu wadogo, nyuso, maua, kuta zenye nakshi. Mwanasayansi Charles Bonnet wa Geneva aliandika mwaka 1760 kuhusu babu yake, Charles Lullin, aliyekuwa na mtoto wa jicho, akiona watu, ndege na majengo huku akili yake iko timamu kabisa. Huku kwetu mzee akisema hivyo haraka tunasema majini au anarukwa akili, kwahiyo wengi wananyamaza wanateseka na hofu peke yao jamani. Picha hizi hazina sauti na akielezwa mhusika anaelewa si za kweli. Awashe taa, apeleke macho kushoto na kulia mara kadhaa, apepese, mara nyingi zinaondoka. Ila akisikia na sauti, akichanganyikiwa au akiamini wale watu wapo kweli, hiyo ni habari nyingine, apelekwe hospitali.