Je, wajua? Moto unaua ukungu, lakini sumu yake inabaki

Mahindi yameota ukungu ghalani. Yanaoshwa, yanaanikwa tena, yanapelekwa mashineni, na jioni ugali unasongwa kama kawaida. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba moto unaua kila kitu. Je, hapa moto unatosha?

Ukungu wenyewe unakufa, hilo ni kweli. Ni kiumbe hai, wa jamii moja na uyoga, na haustahimili maji yanayochemka. Shida ni kile unachokiacha. Aina fulani za ukungu, hasa ule wa rangi ya kijani na manjano uitwao Aspergillus flavus, hutengeneza sumu na kuiacha ndani ya punje. Sumu hiyo ni aflatoksini, na Tanzania tunaiita sumukuvu. Sumukuvu ni kemikali, haina uhai wa kuuawa. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, ilhali sumukuvu huanza kuvunjika zikishapita nyuzi 237 hivi. Hakuna sufuria ya ugali wala ya uji inayofika huko. Kuchachusha mahindi hayo kuwa pombe nako hakuyasafishi.

Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga katika chakula chao. Huku kwetu imeua watu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliougua walikuwa 317 na kati yao 125 walifariki. Mahindi yalikuwa yamewekwa ndani yakiwa bado na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki ghafla, ila anajiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kinachonitia hofu kuliko yote ni kwamba macho hayatoshi. Punje inaweza kung'aa na bado ikawa na sumu, kwa sababu kuvu huingia tangu shambani, hasa ukame unapobana au wadudu wanapotoboa magunzi. Hata hivyo kuchambua kunasaidia sana: ondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Kukoboa pia hupunguza, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Hapo sembe inaizidi dona kwa usalama, nami nalisema hilo shingo upande, kwa kuwa dona ndiyo yenye lishe. Na zile pumba akilishwa ng'ombe, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kukausha. Anika juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, kwani kuvu hawa huishi udongoni. Kujua kama mahindi yamekauka, wakulima wana kipimo rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu kidogo pamoja na punje za mahindi, funga, tikisa vizuri, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi hayo hayajafaa kuingia ghalani. Isipoganda, umekaribia, lakini kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, basi yaanike tena jua likiwa kali kabla ya kufunga gunia.